Pampu ya bei chee, samaki wa bei kubwa: Nani analipa tofauti?

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi niliuamini msemo huo bila kuuhoji. Siku hizi, kila nikipita kwenye maduka ya Bujumbura yanayouza vifaa vya kufugia samaki wa mapambo, naona kinyume chake. Pampu nzuri imekaa rafuni, boksi lake limefifia kwa jua, wala hakuna anayeishika. Ile ya bei chee haimalizi wiki dukani.

Hivi karibuni nilikuwa katika duka moja huko Buyenzi wakati mama mmoja, mfanyabiashara wa mpakani, alipoingia na mfuko wa pampu za hewa alizozitoa Kigoma. Zilikuwa thelathini. Mwenye duka alizichukua zote pale pale. Nilipomuuliza mama yule kwa nini haleti zile imara, alinicheka.

"Mwanangu," akaniambia, "hizo nikileta tatu tu, mtaji wangu wote umelala. Na mteja wa hapa anauliza bei, haulizi umri."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Swali lililo nyuma yake ni la kila anayevuka Mugina au Kobero na bidhaa begani, na la kila aliyerejea nyumbani akitaka kufungua duka kwa akiba aliyonayo. Kwa nini vitu viwili vinavyofanana kwa macho, kimoja kiuzwe mara nne au tano ya bei ya kingine? Je, tofauti hiyo ni ubora, ni jina, ni kodi, au ni ulanguzi mtupu?

Najua wapo watakaosema samaki wa mapambo ni mambo ya matajiri. Nawaomba wasikimbilie huko. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani kwingine kokote duniani. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa Bujumbura akisafirisha samaki hao wakiwa hai kwenda nchi za nje, na mmoja wao akapewa jina lake, Neolamprologus brichardi. Biashara hiyo imefanyika pia Kigoma na kule Mpulungu, Zambia. Kwa maneno mengine, samaki wetu walifika Ulaya kabla ya wengi wetu.

Leo wapo ndugu zetu waliorejea kutoka Ubelgiji au Kanada ambao waliwaona samaki wa kwao kwenye vioo vya watu, nao sasa wanataka kuwafuga hapa. Zipo hoteli na mikahawa inayotaka tangi la kupendezesha ukumbi. Aidha, pampu hizo hizo za hewa hutumiwa na watu wanaototolesha vifaranga vya sato na kambare. Kwa mtu huyo pampu ikizimika usiku si pambo lililoharibika. Ni mtaji wa msimu mzima uliokufa.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa na tangi dogo Gitega, ambako usiku kuna baridi kuliko Bujumbura, nikanunua hita ya kupashia maji kwa bei ya kutupwa. Ilifanya kazi miezi miwili. Asubuhi moja nilikuta maji ya moto kama ya kumwogeshea mtoto, na samaki 14 wanaelea. Fundi alipoifungua alinionyesha kisahani kidogo kinachopaswa kukata umeme joto likitosha. Kilikuwa kimeungua na kugandana, hivyo umeme haukukatika usiku kucha. Muuzaji alinipa pole, basi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifungua vifaa hivi na kuviangalia ndani. Nimebaini kwamba bei ya juu ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inanunua kitu. Sehemu ya pili hainunui chochote, ni gharama ya njia tu. Anayeshindwa kuzitenganisha atadanganywa na muuzaji wa ghali sawasawa na atakavyodanganywa na muuzaji wa rahisi.

Tuanze na ile inayonunua kitu. Pampu ya kawaida ya hewa ni chombo chepesi. Ndani yake kuna sumaku inayochezeshwa na umeme, na sumaku hiyo inasukuma kiwambo cha mpira mbele na nyuma. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mpira huo unakunjwa mara 50 kila sekunde. Piga hesabu: ni mara milioni 4.3 kwa siku moja. Mpira mzuri huvumilia kwa muda mrefu. Mpira hafifu hukakamaa, hupasuka, na mapovu yakaanza kupungua kidogo kidogo bila mwenye samaki kujua. Kwa nje pampu zote mbili ni plastiki ya buluu. Tofauti iko kwenye kipande cha mpira kisichozidi ukubwa wa sarafu.

Jambo la pili ni chujio. Samaki hutoa amonia majini, nayo ni sumu. Ndani ya chujio huishi bakteria wanaoigeuza amonia hiyo hatua kwa hatua hadi ikawa kitu kisicho kali. Chujio likisimama kwa saa nyingi, bakteria hao hukosa hewa na kuanza kufa. Hapa ndipo mfugaji wa samaki wa Tanganyika anapopaswa kuwa mwangalifu kuliko wengine. Maji ya ziwa letu yana asili ya magadi, kipimo chake cha pH kikikaribia 9. Katika maji ya pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo huwa katika hali ya sumu kali. Katika pH 9, kwa joto la nyuzi 25, kiasi hicho huzidi theluthi moja. Chujio hafifu ambalo mtu wa kwingine angelivumilia kwa samaki wake wa kawaida, kwa samaki wa ziwa letu linaweza kuwa hukumu ya kifo.

Jambo la tatu ni usalama wa binadamu. Hita na pampu za kuzamishwa ni umeme wa volti 220 ndani ya maji ambamo mtu hutia mkono kila wiki. Kifaa cha kuaminika huandikwa kipimo cha kuzuia maji: IPX7 maana yake kilijaribiwa ndani ya maji yasiyozidi kina cha mita moja kwa dakika 30, na IPX8 ni kwa cha kukaa ndani ya maji mfululizo. Majaribio hayo yanagharimu fedha, na waya wenye ganda nene na kioo kisichopasuka ovyo vinagharimu pia. Anayeuza kwa bei ya kutupwa lazima akate mahali fulani, na mara nyingi hukata pale ambapo mnunuzi haoni.

Jambo la nne, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, ni vipuri. Kampuni kama EHEIM ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilijijengea jina kwa sababu mteja anaweza kununua kipande kimoja kilichochakaa bila kutupa chujio zima. Hiyo haipatikani bure. Ni lazima mtu atengeneze vipande hivyo, avihifadhi na aendelee kuviuza miaka mingi baadaye. Gharama hiyo imo katika bei ya siku ya kwanza.

Lipo pia suala la umeme unaoliwa. Pampu ya wati 20 inayofanya kazi ambayo nyingine ingeifanya kwa wati 5 itakula takriban yuniti 131 zaidi kwa mwaka, kwa sababu vifaa hivi havizimwi mchana wala usiku. Mnunuzi haoni gharama hiyo dukani. Huiona kidogo kidogo kwenye kadi ya umeme.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba cha Mzungu ni kizuri na cha Mchina ni kibaya. Viwanda vya jimbo la Guangdong, China, hutengeneza vya daraja la juu na vya daraja la chini, na baadhi ya majina makubwa ya Ulaya hutengenezewa bidhaa huko huko. Kiwanda hutoa kile alichoagiza mnunuzi. Mfanyabiashara akisema "nipe cha bei ya chini kabisa," atapewa, na lawama hapo si ya taifa lolote. Wala jina kubwa si kinga. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na jina likishasifiwa sana hukosi mtu wa kulibandika kwenye boksi la uongo.

Sasa tuje kwenye sehemu ya pili ya bei, ile isiyonunua chochote. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2009 zikaanza kutumia ushuru wa pamoja wa forodha. Ushuru huo ulikuwa na ngazi tatu, asilimia 0, 10 na 25, na Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa. Bidhaa nyingi zilizokamilika ziko kwenye 25. Juu ya hapo, hapa kwetu kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Hita moja imetoka kiwandani kwa dola 5, nyingine kwa dola 20. Nauli na bima tuseme ni dola moja kwa kila moja. Ushuru wa asilimia 25 hutozwa juu ya jumla hiyo, kisha asilimia 18 juu ya yote. Ile ya kwanza inafika dola 8.85. Ile ya pili inafika karibu dola 31. Kiwandani tofauti ilikuwa dola 15, mpakani imekuwa dola 22 na ushei. Ubora haukuongezeka hata chembe njiani. Kodi inayokwenda kwa asilimia ya thamani humwadhibu zaidi anayeleta kitu kizuri, na hapo hatujahesabu tozo nyingine wala faida ya muuzaji, ambayo nayo hupigwa kwa asilimia.

Kisha kuna wingi. Mwenye kuleta vya bei chee huchanganya mzigo wake na wa wenzake katika kontena moja, vipande maelfu. Mwenye kuleta vizuri hana wateja wa kutosha, hivyo huagiza ishirini kwa ndege, na nauli ya ndege inagawanywa kwa hao ishirini. Matokeo yake ni mduara: ni ghali kwa sababu vinanunuliwa vichache, na vinanunuliwa vichache kwa sababu ni ghali.

Halafu kuna dola yenyewe. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, bei rasmi ya dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo. Hata baada ya hapo pengo kati ya bei ya benki na ya mtaani liliendelea kuwa pana. Mwagizaji asiyepata dola benki huitafuta mtaani, na hupanga bei ya duka kwa dola hiyo ya mtaani. Hita ya dola 31 inaumia zaidi kuliko ya dola 9, ingawa kiwango cha kubadilishia ni kile kile, kwa sababu mfuko wa mnunuzi haukuongezeka.

Na tusifichane, vipo vinavyopita njia za panya bila kulipa senti. Mzigo mdogo wa bei chee hupita kwa urahisi kichwani au kwenye baiskeli. Aliyelipa kila kitu kihalali anashindana na asiyelipa, na mnunuzi anayeona bei mbili anadhani mmoja wao ni mwizi. Mara nyingi humshuku asiye na hatia.

Hapa kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi wadogo hulikosea. Ule utaratibu rahisi wa Jumuiya, wa cheti cha uasilia kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Pampu iliyotoka China au Ujerumani haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Kigoma. Ukiibeba ukidhani cheti hicho kitakuvusha, utakwama mpakani na hesabu yako yote itavurugika.

Kwa waliorejea kutoka nchi za mbali, mambo mawili. Kwanza, sheria ya forodha ya Jumuiya humsamehe ushuru mtu anayehamisha makazi kwa vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia alikotoka. Kama ulikuwa na tangi na chujio lake huko, uliza kabla ya kuliuza kwa bei ya hasara. Vya biashara havimo katika msamaha huo. Pili, kama umetoka Marekani au Kanada, umeme wa kule ni volti 120 na mizunguko 60. Pampu ya kule ukiichomeka hapa moja kwa moja itaungua, hata ingekuwa ya bei gani. Ya Ulaya haina tatizo hilo.

Basi mtu afanye nini? Maoni yangu ni kwamba si kila kitu kinastahili bei kubwa. Mipira ya kupitishia hewa, mawe ya kutoa mapovu, nyavu za mkono, changarawe na mapambo, nunua vya bei chee wala usijilaumu. Chujio la sponji nalo ni rahisi na linafanya kazi vizuri sana likiendeshwa na pampu ya hewa ya kuaminika. Fedha zako ziweke kwenye vitu viwili: kile kinachotia joto, na kile kisichopaswa kusimama. Kama tangi lako liko Bujumbura kwenye joto, huenda huhitaji hita kabisa, na fedha hiyo ikanunua pampu bora au ya akiba yenye betri kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Pampu ya hewa iweke juu kuliko usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji hurudi kwenye mpira hadi ndani ya pampu. Waya nao uache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Dukani, usiulize tu "bei gani?" Uliza maswali matatu: Kipuri chake kipo? Kikifa ndani ya miezi mitatu nakurudishia nani? Kimeandikwa kipimo gani cha maji? Muuzaji anayekwepa yote matatu amekujibu tayari.

Kwa upande wa wakubwa, ninaloomba si kufuta kodi. Nchi huendeshwa kwa kodi. Ninaloomba ni shirika la viwango, BBN, litazame kwanza vifaa vya umeme vinavyozamishwa majini, maana hivyo huua watu, si samaki tu. Na mamlaka ya mapato, OBR, ibandike mipakani, kwa Kirundi na Kiswahili, orodha fupi ya bidhaa ndogo ndogo na ushuru wake, ili mama mwenye mfuko ajue gharama yake kabla hajatoka Kigoma. Mtu anayejua hesabu halali mapema hana sababu kubwa ya kutafuta njia ya panya.

Nilirudi Buyenzi wiki iliyofuata nikamkuta mama yule. Nilimweleza kuhusu kile kipande cha mpira ndani ya pampu: kwamba kinauzwa peke yake, ni chepesi, hakilazi mtaji, na aliyenunua pampu imara atakirudia kila kinapochakaa. Nikamwambia pia kwamba akiungana na wenzake wanne, kila mmoja akachangia bei ya pampu mbili, wanaweza kuagiza kumi kwa pamoja na nauli ikapungua.

Alinyamaza akihesabu kwa vidole. "Huyo mwenye duka amerudishiwa saba katika zile thelathini," akasema. "Amenikata kwenye hela ya safari hii." Kisha akafunga kanga yake vizuri kiunoni. "Nitaleta mbili za hizo unazosema, na mipira yake kumi. Tuone, mwanangu."

Saba katika thelathini ni karibu robo ya mzigo. Hiyo ndiyo tofauti ya bei ambayo haikuandikwa kwenye boksi, na ambaye hakuilipa dukani ameilipa nyumbani.